Mji Uliokosa Shairi

Mji wa Pate ulipoporomoka, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliutungia Al-Inkishafi, na ndiyo maana sisi wasomaji wa Kiswahili tunayajua majumba yake hata kama hatujawahi kupanda mashua kwenda huko. Gede nao ulikuwa mji wa Waswahili. Ulikuwa na msikiti mkuu, jumba la mtawala, visima, makaburi ya nguzo, na uliporomoka vilevile. Lakini hakuna hata ubeti mmoja wa Gede uliotufikia. Wareno waliokaa Malindi, kama kilomita 15 tu kutoka hapo, waliandika mengi kuhusu pwani hii, na bado hakuna hati yao inayoutaja mji huu kwa namna isiyo na shaka. Tunachokijua kuhusu Gede kimetolewa ardhini kwa sululu na brashi.

Hayo nilikuwa nayo kichwani Jumapili moja ya Januari niliposhuka matatu pale njia panda ya Gede, ingawa sikuwa nimefuata magofu. Nilikuwa nimeitwa na mjomba wangu, ndugu ya mama. Mjomba ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na wiki iliyofuata alikuwa apasuliwe la kulia. Alikuwa amenipigia simu: "Mwanangu, njoo unitembeze msituni. Nataka niuone kwanza." Nikamwambia si atauona vizuri zaidi baada ya kupasuliwa. Akanyamaza kidogo. "Daktari naye ni mtu," akasema. "Wewe njoo."

Lango la msitu wa Arabuko-Sokoke liko kando ya barabara kuu ya Mombasa–Malindi, karibu kabisa na Gede. Ukipita na gari unaona ukuta wa miti tu, dakika chache, kisha maduka yanarudi. Lakini nyuma ya ukuta ule kuna kilomita za mraba zipatazo 420, kipande kikubwa kuliko vyote vilivyobaki vya ule msitu wa asili wa pwani ambao zamani ulikuwa mkanda mrefu kutoka Somalia hadi Msumbiji. Ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1943. Mjomba alizaliwa miaka michache baadaye, ukingoni mwake. Kwa hiyo maisha yake yote msitu umekuwa nje ya mlango wake, na maisha yake yote umekuwa wa serikali.

Pale langoni tulimchukua mwongozaji, kwa sababu msituni mna ndovu na mzee asiyeona vizuri si mtu wa kukutana nao ghafla. Alikuwa kijana wa huko huko, ana darubini shingoni na simu yenye programu ya sauti za ndege. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Mtoto wa nani?" Akajitaja. Mjomba akamjua babu yake. Wakasemezana Kigiriama kwa kasi, nami nikashika neno hapa na pale kama mtu anayesikiliza redio kwenye basi.

Nilidhani ningekuwa macho ya Mjomba siku ile. Tulipotembea kama nusu saa alivua ndala zake, akazishika mkononi. "Mchanga mweupe huu," akasema. "Tazama juu, utaona mirihi." Nikatazama. Kweli, ile miti mikubwa yenye mashina ya kijivu ilikuwa imejitenga kila mmoja na nafasi yake, jua likipenya hadi chini, mwanga wa aina ambayo huutarajii msituni. Baadaye, tuliposogezwa mbele na pikipiki mbili, alishuka akakanyaga tena. "Nyekundu. Tumeingia kwenye mfunda." Hapo miti ikawa mifupi, imesongamana, matawi yanavuta nguo, na ardhi imekuwa na rangi ya tofali. Arabuko-Sokoke si msitu mmoja. Ni mitatu iliyolala ubavu kwa ubavu: ule wa miti mchanganyiko ya akina mbambakofi upande wa mashariki, wa mrihi katikati kwenye mchanga mweupe, na wa mfunda upande wa magharibi kwenye udongo mwekundu. Vitabu vinaeleza hayo kwa ramani ya rangi tatu. Mjomba alieleza kwa nyayo.

Ndani ya mfunda kijana alituambia tukae kimya. Akaingia vichakani, akakaa humo muda mrefu, akarudi akatuashiria kwa kidole. Kwenye tawi la chini, hatua tano kutoka nilipokuwa, walikuwa wamekaa bundi wawili wamebanana, kila mmoja hazidi kiganja cha mtu mzima, wamefumba macho nusu. Kijana alinipa jina la Kiingereza, kisha la Kilatini. Akanieleza kuwa wanasayansi walimgundua mwaka 1965 hapa hapa, na kwamba nje ya sehemu hizi za Kilifi anajulikana pia upande wa Tanzania, kwenye misitu ya chini ya Usambara, basi.

Mjomba, ambaye kwake wale bundi walikuwa kivuli tu, akanong'ona: "Walimgundua? Sisi tulikuwa tukimsikia kila usiku. Tukifunga mlango."

Kijana akacheka, akaficha mdomo kwa mkono ili asiwaamshe.

Nami nilisimama katikati yao wawili nikiwa na neno moja: bundi. Kijana ana jina la Kilatini, Mjomba ana la Kigiriama na la mlio wake na la hofu yake, na mimi ninayeandika Kiswahili kila siku nina "bundi", na nikijitahidi, "kibundi". Ilikuwa hivyo asubuhi nzima. Kitu kilikimbia kwenye majani makavu, kikasimama, kikakimbia tena. Kabla hatujageuza shingo Mjomba alisema, "Sange." Tukamwona akivuka njia, pua ndefu kama mrija, miguu myembamba ya swala mdogo, na kiraka cha manjano ya dhahabu nyuma. Mnyama huyu makao yake makuu duniani ni msitu huu. "Tulimtegea mitego sana," Mjomba akasema. "Nyama yake si tamu. Ni njaa tu."

Hakulisema kama mtu anayetubu, na sioni kwa nini angetubu. Ujanani aliwahi kulala korokoroni siku tatu kwa mzigo wa fito alizokata kwenda kujengea nyumba yake ya kwanza. Anakumbuka bado zilikuwa fito ngapi. Watu wa mjini tunapoimba hifadhi huwa tunasahau kwamba mstari ulipochorwa, kuna aliyejikuta upande mmoja na kuni, dawa na nyama zimebaki upande wa pili.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wengi waliouzunguka msitu walitaka ukatwe wagawiwe mashamba. Mjomba alikuwa mmoja wao, na alikuwa na hoja: watoto sita, ekari mbili, na ndovu anayekuja kula mahindi hamlipi mtu. Kilichombadilisha ni biashara. Mwaka 1993 ulianza mradi wa Kipepeo, ambao ofisi yake iko ndani ya uwanja wa magofu ya Gede, na huko ndiko tulikoelekea jua lilipokuwa kali.

Kazi yenyewe ni hivi. Unamnasa kipepeo jike kwa wavu, unamweka kwenye kibanda cha chandarua pamoja na mche wa mti anaoupenda, anataga. Mayai yanakuwa viwavi, viwavi wanakula majani mchana na usiku, kisha wanajifunga na kuning'inia kama vijitunda vikavu. Hapo wanaitwa pupa. Wanafungwa kwenye pamba, wanawekwa kwenye boksi, wanasafirishwa kwa ndege hadi Ulaya na Marekani kwenye nyumba za maonyesho, wakafungulie mabawa huko. Kiswahili kina utani wake: pupa ni haraka ya mlafi, na kweli pupa hawa hawana subira. Ukichelewa siku mbili tatu boksi linafika na vipepeo waliokwisha kupasuka njiani, na hapo huna malipo.

Lakini siri iko kwenye majani. Kila aina ya kiwavi ina mti wake, na mwingine hataki. Huwezi kufuga vipepeo kama hujui miti, na huwezi kupata miche kama msitu haupo. Ujuzi ule ule uliompeleka Mjomba korokoroni ukawa unalipa karo. Siwezi kusema ulimtajirisha. Korona ilipofunga dunia, oda zilikatika na chandarua chake kikageuka kibanda cha kuku. Sasa amekirudia, ila macho hayamwonyeshi tena mayai chini ya jani. Mwanawe wa mwisho, ambaye ndiye angekuwa msaidizi, yuko Qatar analinda jengo.

Kutoka kwenye ofisi za vipepeo hadi lango la magofu ni hatua chache. Mjomba alikuwa ameingia humo mara mbili tu maishani. Walipokuwa wadogo walikatazwa: ndani ya kuta mna wenyewe, na mtoto akiingia mchana wa jua kali anarudi na homa. Mimi niliwahi kuingia na shule, foleni ya wawili wawili, nikakumbuka kima tu. Kima bado wapo. Mmoja alimnyang'anya mama mmoja ndizi mkononi, akaenda kuimenya juu ya ukuta wa karne nyingi bila wasiwasi wowote.

Ukiingia Gede unaelewa kwa nini wazee waliogopa. Ndani ya ukuta wa nje mna ekari kama 45, na mibuyu imeota sebuleni mwa watu. Mizizi imeshuka kutani kama nta ya mshumaa. Mji ulianza kujengwa karne ya 12 hivi, ukanawiri karne ya 15, na kufikia karne ya 17 ulikuwa mtupu. Kwa nini? Wako wanaotaja vita na uvamizi. Wako wanaotaja maji, kwa kuwa visima vina dalili za kuchimbwa zaidi na zaidi kwenda chini, kama watu waliokuwa wakiyafukuza maji yanayokimbia. Nilimwelekeza Mjomba kwenye kisima kilicho karibu na msikiti mkuu. Akatupa kijiwe, akasikiliza. "Pakavu," akasema. "Kama mto ukihama, mtu atafanyaje? Anafunga virago."

Hata jina hatuna hakika nalo. Gede, au Gedi, inasemwa ni neno la Kioromo lenye maana ya kitu cha thamani, yaani jina lililotolewa na wageni waliokuja baadaye. Wenyeji wenyewe waliuitaje mji wao hawakutuandikia, ingawa kuna kaburi moja lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria, ambao ni 1399. Nilimshika Mjomba mkono nikaupeleka kwenye jiwe. Alipapasa taratibu, kama anavyopapasa jani kutafuta mayai.

James Kirkman, aliyeanza kuchimba hapa mwaka 1948, alihitaji kuziita nyumba kwa majina. Wenye nyumba hawakuacha majina, basi kila nyumba ikapewa jina la kitu kilichookotwa ndani yake. Kuna Nyumba ya Mkasi. Kuna Nyumba ya Pesa za Kichina. Kuna Nyumba ya Ushanga wa Venisi. Kuna Nyumba ya Kauri, yaani wale simbi wa baharini, na kuna Nyumba ya Bakuli la Kauri, yaani udongo ule mweupe unaong'aa uliotoka China. Kiswahili kinatumia neno moja kwa vyote viwili, pengine kwa sababu mkono unaovishika unahisi kitu kimoja.

Nilimsomea Mjomba vibao vyote. Nikamweleza na habari ya Pate na Al-Inkishafi. Alifikiri, akasema: "Kwa hiyo hawa walikuwa na mkasi, walikuwa na pesa za Kichina, hawakuwa na mtu wa kuandika?"

"Labda alikuwepo, karatasi zikaoza."

"Basi hawakuwa na mtu wa kukariri," akasema, na hapo akawa amenishinda.

Mwaka 2024 Gede uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na ni jambo la kufurahisha. Lakini mtu aliyeishi kwenye Nyumba ya Mkasi ataendelea kuitwa mkasi. Niliwaza msitu tuliotoka. Siku Mjomba na wenziwe watakapoondoka, miti itabaki na ulinzi utabaki, inshallah, na vibao vya Kilatini vitakuwepo. Litakalokosekana ni lile jina ambalo mama alimwitia mwanawe mti, akiongeza hapo hapo kwamba majani yake usiyachume jioni. Msitu wenye kibao bila mwenye kuukariri ni Gede nyingine.

Tulikula Gede mjini, ule wa leo, wa mabati na vumbi na muziki wa maduka ya simu. Wali wa nazi, samaki wa kukaanga, mchicha, pilipili ya embe pembeni. Kijana wa darubini alikuja kukaa nasi, zamu yake ilikuwa imekwisha. Alitoa simu akaiweka katikati ya sahani, akamwambia Mjomba: "Mzee, hebu rudia yale majina." Sikuwa nimemwomba. Mjomba alimaliza kinywa chake cha wali kwanza.

Alasiri tukapanda tuktuk kwenda Mida, hori la bahari lililoingia bara nyuma ya Watamu. Maji yalikuwa yametoka na uwanja wa matope uling'aa hadi upeo. Januari ndio wakati wake: ndege wadogo wa mwambao wanaozaliana Siberia wanakuja kupumzisha mabawa hapa, maelfu yao wakidonoa tope. Kulikuwa pia na kundi la wale weupe kwa weusi, midomo minene kama koleo, wanaokula kaa na ambao huchimba viota vyao mchangani huko pwani za Uarabuni. Njia ya kaskazi ilikuwa yao kabla majahazi hayajaijua.

Na hapa Mida, kwa mara ya kwanza siku ile, Kiswahili changu kilisimama wima. Maana mgeni ataona mikoko tu, lakini sisi tuna mkoko wenye mizizi inayousimamisha juu ya tope, tuna mchu unaoota karibu na nchi kavu na hata mbele kwenye maji, tuna mkandaa, muia, mlilana, mkomafi. Kila mmoja na jina lake, kwa sababu kila mmoja alikuwa na kazi yake: huu ni boriti, huu ni mbao za mashua, huu ni rangi ya ngozi, huu ni kuni za chokaa. Lugha yetu ilizijua boriti hizi kwa unene na kwa bei, ikazipakia majahazini hadi Ghuba zikaezekee nyumba za watu wasio na miti. Lugha inakijua kile ambacho mikono yake imekishika. Msituni Kiswahili kinaingia na viatu. Kigiriama kinaingia peku.

Wala si aibu. Kiswahili na lugha za Wamijikenda ni ndugu wa tumbo moja. Wataalamu wanaziweka pamoja kwenye jamii ya lugha za Sabaki, na Kipokomo na Kikomoro humo humo. Mwandishi wa Kiswahili anayechukua "mfunda" kwa mjombake ameazima chumvi nyumba ya pili. Bado tunafungua riwaya baada ya riwaya iliyowekwa pwani tunakuta "ndege waliimba mitini". Ndege gani? Mti gani? Mwandishi huyo huyo anamjua mhusika wake kwa kabila, mtaa na chapa ya simu.

Watamu tulifika magharibi. Mjomba hapapendi sana: hoteli zimesimama kati ya mtu na bahari, na vijana wa ufukweni walimsalimu kwa Kiitaliano kabla hawajamwona vizuri, wakaomba radhi kwa Kigiriama. Lakini alitaka aiskrimu. Alikula ya nazi, polepole, ameelekea upande wa bahari, ambayo huko mbele ya visiwa vidogo vya mawe imehifadhiwa tangu mwaka 1968. "Rangi gani leo?" akauliza. Nikamwambia buluu inayokwenda kwenye zambarau. Akasema hapana, wakati huu na maji yakiwa yanajaa, huwa ya kijani pale karibu na mwamba. Nikatazama tena pale karibu na mwamba.

Jicho la kulia lilipasuliwa Alhamisi, na linaona. La kushoto litafuata. Hajarudia kazi ya mayai bado, ila yule kijana huenda kwake Jumapili na simu yake, naye hunitumia sauti usiku: Mjomba akitaja mti, akikohoa, akieleza ni kiwavi gani anayeula, na kuku wakipiga kelele nyuma. Mimi huzisikiliza na daftari. Kama nawe msomaji una mzee anayejua miti, mahali popote, usingoje awe kwenye foleni ya hospitali. Huhitaji kuwa mshairi. Andika jina, andika limesemwa wapi, andika na lile katazo linaloandamana nalo.

Hadi leo nina majina 31. Mjomba anasema hatujafika hata nusu ya njia ya kwenda Jilore.